Bwana Asimama Njiani Kumsikiliza Mwanamke

Mahubiri kwa Sikukuu ya Luka Mwinjilisti. Masomo: Luka 8, 40–56, Marko 5, 21–43.



Siku ya 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Luka. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, alimtaja kuwa ni tabibu, tena tabibu apendwaye. Lakini Luka mwenyewe hajisifu kwa utabibu wake hata mara moja. Atuambialo juu ya kazi yake ni jambo jingine: kwamba alijitaabisha kuzichunguza habari zote tangu mwanzo, kama walivyozipokeza wale walioona kwa macho yao, kisha akaziandika kwa taratibu, ili Theofilo awe na hakika. Manabii waliona maono. Luka aliuliza watu. Na Roho Mtakatifu hakuona haya kuyatumia maswali yake.

Kwa hiyo twaona yafaa, katika sikukuu hii, kutafakari kazi ya tabibu mwenye kuuliza. Wala hatuna haja ya kwenda Antiokia kumtafuta, maana nchi yetu imempata mmoja, na kazi yake imefika hata kwetu kusini. Lakini kwanza na tulitazame somo letu.

Somo hili lina watu wawili wenye shida moja ya haraka, lakini haraka zao hazifanani. Jairo, mkuu wa sinagogi, ana binti wa miaka 12 ambaye yu katika kufa. Haraka yake yahesabiwa kwa saa. Mwanamke tusiyeambiwa jina lake ametokwa na damu kwa miaka 12. Haraka yake imechakaa, watu wamekwisha kuizoea, hapana amkimbiliaye. Mmoja ana cheo, aja mbele ya uso wa Bwana na kuanguka miguuni pake mchana kweupe. Mwingine aja kwa nyuma, katikati ya makutano, kwa maana torati ilimhesabu kuwa si safi, na kila amgusaye alitiwa unajisi pamoja naye.

Tafadhali msipite upesi juu ya habari za fedha zake. Marko asema wazi kwamba matabibu wengi walimtesa, wakaimaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka alipitia neno hilo kwa ulimi mwepesi, akisema tu ya kuwa hapana aliyeweza kumponya. Wako wasemao kwamba Luka aliwasitiri wenzake wa kazi. Huenda. Tabibu naye ni mwanadamu, na hakuna mafundi wa kazi yo yote wasioificha aibu yao kidogo.

Basi mwanamke huyu akaamua. Alikuwa na hesabu yake moyoni: alijua matabibu walivyomtenda, alijua makutano watamfanyaje wakimtambua, alijua kwamba Mwalimu huyu apita leo na kesho hayupo. Akachagua kuligusa pindo la vazi, asimsumbue mtu, arudi kwake kimya. Ukimtazama kwa nje utasema ni mshirikina mwenye kunyemelea nguo za watu. Ukiisikia hesabu yake, utaona kwamba ni mtu mwenye akili aliyejaribu kila mlango, na sasa ajaribu mlango wa mwisho uliobaki wazi.

Hapo ndipo Bwana alipofanya jambo linalotutia wasiwasi kila tulisomapo. Alisimama. Mtoto anakufa, baba yake amesimama pale akitetemeka, wanafunzi wamekwisha kukasirika. Naye auliza ni nani aliyemgusa, wala hakubali kuondoka mpaka amejibiwa. Marko asema kwamba yule mwanamke alimweleza kweli yote. Kweli yote ya miaka 12 haielezwi kwa dakika moja, ndugu zangu. Alieleza habari za damu, na matabibu, na fedha, na aibu. Naye Bwana alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akamwita Binti. Katika Injili zote hatuoni mwanamke mwingine aliyeitwa naye kwa jina hilo uso kwa uso.

Sasa twataka kusema juu ya damu nyingine, ambayo kila mama asomaye ukurasa huu aijua. Mwanamke aliyekwisha kujifungua salama, mtoto amelia, mkunga amekwisha kushukuru, aweza kutokwa na damu kwa nguvu hata akafa kwa muda wa saa mbili. Miaka 12 ya yule wa Injili ikawa saa mbili. Kwa hiyo kila jambo linalokula wakati, yaani kuamua, kutafuta fedha, kungoja chombo, kungoja muuguzi aamshwe, ni kama mtu aliyesimama juu ya pumzi ya mama huyo. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba wanawake wa uzazi hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa wakiisha kufika. Matabibu wa dunia nzima wameyashika maneno hayo hata leo.

Yule tabibu tuliyemsema ni marehemu Godfrey Mbaruku, daktari bingwa wa uzazi. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipofanana na kwetu kwa jambo moja, yaani kuwa mbali sana na Dar es Salaam na kusahauliwa kwa urahisi. Mama wengi walikufa humo. Tabibu mwingine angeandika barua kuomba mashine, angengoja jibu, na akichoka kungoja angeomba uhamisho. Yeye na wenzake walirudia habari za kila mama aliyekufa hospitalini tangu mwaka 1984 hata 1986, wakauliza kwa kila mmoja: huyu alikufa kwa nini, na ni nini kilichokuwa mikononi mwetu tusikitumie?

Katika maswali hayo yalitoka mambo 22 ya kutengenezwa. Mengi hayakuwa mambo makubwa. Yalihusu wajibu wa kila mtumishi, vifaa vilivyopo vitunzwe na vifanye kazi, mali iliyopatikana hapo hapo itumike vizuri; tena, na hili tuliangalie sana, yalihusu maoni ya watu wa mji juu ya hospitali yao. Maana hospitali isiyoaminiwa, hata ikiwa na dawa, huletewa mgonjwa akiwa amekwisha kuzimia. Mwaka 1984, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walikufa mama 933. Ilipofika mwaka 1991 hesabu ilikuwa 186. Habari hizo aliziandika pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, nazo zikachapishwa mwaka 1995; na neno walilolikaza ni kwamba kazi hii ilifanyika kwa nguvu zilizokuwapo mahali pale.

Angeweza kupumzika juu ya sifa hiyo. Lakini mtu aliyezoea kuuliza haachi. Kuna swali ambalo daktari akiwa wodini hawezi kulijibu, kwa sababu awaona wale tu waliofika. Je, wale wasiofika waliamuaje? Mbaruku, aliyekuwa baadaye mmoja wa viongozi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, akatoka nje ya wodi kwenda kuwauliza. Pamoja na mtafiti Margaret Kruk wa Marekani na wengine waliwaendea wanawake wa wilaya ya Kasulu, nyumba kwa nyumba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009.

La kwanza walilolikuta lapasa kuwanyamazisha wale wasemao kwamba watu wa shamba hawajui kuchagua. Katika wanawake waliojifungulia katika zahanati au hospitali, wanne hivi kati ya kila kumi walikuwa wameipita ile iliyo karibu nao, wakaenda ya mbali. Walitembea na mimba ya miezi tisa, wakaupita mlango uliofunguliwa kwa ajili yao. Mtu hafanyi hivyo kwa uvivu. Ni kama yule mwanamke wa Injili aliyewapita matabibu wa mji wake: alikuwa na sababu, lakini hapana aliyemwuliza.

La pili ni la ajabu zaidi. Waliwaelezea wanawake zaidi ya 1,200 mifano ya vituo viwili viwili vya kubuniwa: hiki ni karibu, lakini hakina dawa; hicho ni mbali, lakini muuguzi wake ana heshima; hiki ni cha bure, kile ni cha kulipia; kisha wakawauliza, wewe ungezalia wapi? Mwanamke akachagua, wakabadili mifano, akachagua tena. Kwa njia hiyo walipima uzito wa kila jambo moyoni mwake, kama mfanya biashara apimavyo korosho katika mizani. Mtu angedhani kwamba umbali au bei ndiyo itakayoshinda. Mambo mawili yaliyoshinda ni muuguzi mwenye kumstahi mgonjwa, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Wakapiga hesabu kwamba kama vituo vilivyopo vingetengenezwa katika mambo hayo, wanawake wenye kupendelea kuzalia kituoni wangetoka 43 katika kila 100 hata kufika 88.

Twaliweka neno hilo mbele ya wazee wa sharika na mbele ya kila muuguzi Mkristo asomaye gazeti hili. Ukali wa mdomo si jambo dogo la tabia, la kuvumiliwa kwa kuwa mtu ana kazi nyingi. Uko katika mizani ileile pamoja na dawa. Mwanamke aliyetukanwa katika uchungu wa mtoto wa kwanza atazalia nyumbani mtoto wa pili, na dada yake pia, na jirani yake. Na siku damu itakapokataa kusimama, lile tusi ndilo litakalokuwa limeila saa yake.

Tena na tuwe wa haki kwa muuguzi. Wako walio peke yao usiku katika zahanati, wenye wazazi wawili kwa mara moja na taa isiyotosha, mshahara umekwisha tangu katikati ya mwezi. Makutano walimsonga Bwana pia, hata Petro akaona swali lake si la akili. Kusongwa ni kweli. Lakini yeye aliyesongwa kuliko wote ndiye aliyegeuka. Luther alitufundisha ya kuwa kazi ya kila siku ni wito utokao kwa Mungu, ya mjakazi afagiaye nyumba kama ya mchungaji madhabahuni. Basi mkono upokeao mtoto usiku nao ni mkono wa wito huo, na ulimi pamoja nao.

Turudi kwetu. Mwaka 2007 watafiti walihesabu nyumba 226,000 katika wilaya za Lindi na Mtwara, wakiuliza katika kila nyumba habari za wanawake waliokufa kwa ajili ya uzazi. Daktari Claudia Hanson aliichambua hesabu hiyo pamoja na Mbaruku na wenzao wengine, na mwaka 2015 ikachapishwa. Katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walikuwa wamekufa mama 712. Kisha wakapima umbali wa kila nyumba hata hospitali. Waliokaa ndani ya kilomita 5, vifo vilivyotokana na uzazi wenyewe, kama damu na mengineyo, vilikuwa 111. Waliokaa mbali kupita kilomita 35, vilikuwa 422. Mama wale wale, wenye lugha ile ile, walao muhogo ule ule. Tofauti ni njia.

Ninyi wa Msimbati na wa vijiji vya Ruvuma hamhitaji kuelezwa njia hiyo. Mchanga waijua gari, na masika yakizidi mto huingia mashambani hata barabara ya kwenda mjini ikawa ya mitumbwi. Na ninyi wa Msangamkuu mwaiona Mtwara kwa macho yenu ng'ambo ya ghuba, usiku mwaona hata taa zake, lakini maji yakipwa mashua hukaa juu ya matope, na bahari haimwulizi mtu kama mkewe ana uchungu. Yesu mwenyewe alikuwa ametoka kuvuka ziwa Jairo alipomlaki. Kama upepo wa usiku ule ungalimchelewesha siku moja zaidi, Jairo angalingoja pwani bure.

Haifai kuficha ya kuwa hesabu hizo ni za zamani kidogo, na Mungu ametujalia mema tangu hapo. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha vifo vya mama 556 kwa kila watoto 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Barabara nyingi zimetengenezwa, vituo vya afya vimeongezwa vyenye chumba cha upasuaji, na pale Mitengo imejengwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Tena upasuaji wa uzazi hauwangoji madaktari wakubwa peke yao. Mbaruku na wenzake waliupima upasuaji wa matabibu wasaidizi katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakaona kwamba haukuwa duni kuliko wa madaktari. Twamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini hesabu ya taifa ni jumla, na katika jumla ya watu mtu mmoja hupotea kwa urahisi, kama yule mwanamke katika makutano.

Sasa kuna neno lisemwalo vibarazani, na mara nyingine hata baada ya ibada: kwamba wanawake hawa hufa kwa ujinga, wamekwisha kufundishwa, hawasikii. Na neno la pili, lisemwalo na watu wa namna nyingine, kwamba mwenye imani aombewe nyumbani, maana kukimbilia hospitali ni kumtilia Mungu shaka. Haya yote mawili hayakutoka kwa Bwana. Yeye hakumkemea yule mwanamke kwa kuwa aliwaendea matabibu, wala hakumkemea kwa kuwa aliwaacha. Na alipokwisha kumwinua binti wa Jairo katika mauti, aliamuru apewe chakula. Muujiza ulikwisha, kazi ya jikoni ikaanza. Aombaye na asiombe kwa mkono mmoja huku kwa mwingine amezuia nauli.

Tukisema mwanamke hakuamua upesi, na tuulize kwanza kama uamuzi ulikuwa wake. Katika nyumba nyingi za huku mume yuko baharini au shambani. Tena kwa desturi ya Wamakonde na Wayao neno la mjomba lina uzito, na mjomba huenda akawa kijiji cha tatu. Fedha ya korosho huja kwa msimu, na uchungu hauji kwa msimu. Serikali husema huduma ya uzazi ni ya bure, lakini kila nyumba yajua habari za mipira ya mikono, na kanga, na nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha msindikizaji. Mama mwenye kujua hayo yote, akisikia tumbo usiku, hukaa kimya mpaka alfajiri. Ameyapima. Jairo alipomkimbilia Bwana alikuwa baba mwenye cheo na sauti. Katika nyumba zetu aliye na sauti ndiye apaswaye kukimbia, wala si kungojwa.

Hapa twataja kidogo habari ya kale ya uwanda wa Makonde, kwa kuwa ni yetu. Mwaka 1952 uliingia huko ugonjwa wa homa wenye kuuma viungo hata mtu akajikunja. Tabibu Marion Robinson, aliyeandika habari zake mwaka 1955, hakuutungia jina la Kilatini. Jina lililoandikwa ni lile walilolitumia wagonjwa wenyewe katika lugha yao, chikungunya, yaani ule ugonjwa unaomkunja mtu. Leo madaktari wa India na wa Brazili walitamka neno la Kimakonde bila kujua litokako. Mgonjwa akisikilizwa neno lake huenda mbali.

Lakini kusikiliza nako kuna ufundi wake, na Mbaruku na wenzake walijifunza hayo katika mkoa wa Tanga, katika kazi waliyoiita Staha. Mwaka 2011 na 2012 waliwauliza wazazi walipokuwa wakitoka kituoni kama walitendwa vibaya: kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao, kufunuliwa mbele za watu. Wapata 19 katika kila 100 walikubali. Kisha wakawafuata wengine wa kundi lile lile nyumbani, wiki kadhaa baadaye, wakawauliza maswali yale yale. Sasa walikuwa 28. Hapana jipya lililotendeka katika wiki hizo. Mlangoni mwa zahanati mama bado amechoka, bado aogopa, na huyo aliyemtukana yuko nyuma yake. Nyumbani, mtoto akiwa kifuani, ulimi hufunguka. Ndiyo maana Bwana hakumwacha yule mwanamke aende zake na kuponywa kwa siri: alitaka hofu nayo imtoke.

Na matunda yalikuwako. Katika Korogwe wenyeji na watumishi wa afya waliketi pamoja, wakapatana juu ya hati ya haki na wajibu wa kila upande, kisha watumishi wakatafuta wenyewe la kutengeneza katika vituo vyao. Habari zilizochapishwa mwaka 2017 zaonyesha kwamba kutendwa vibaya kulipungua kwa kadiri ya theluthi mbili, ukilinganisha na mahali ambapo hayo hayakufanyika.

Si kila kazi huzaa hivyo, na twapenda jambo hili katika watafiti wa kweli, ya kuwa husema pia lisilowapendeza. Katika wilaya sita za Lindi na Mtwara wanawake wa vijiji walifundishwa kuzizungukia nyumba za wenye mimba na kuwashauri juu ya kumtunza mtoto mchanga. Ilikuwa kazi njema, na wengi wetu twawakumbuka. Watu walibadili baadhi ya desturi, na waliozalia vituoni waliongezeka kidogo. Lakini walipohesabu vifo vya watoto wachanga hawakuona tofauti, wakaandika hivyo, mwaka 2015, bila kupamba. Maana ukimshauri mama aende, naye akaenda, akakuta kituo hakina mtu wala dawa, shauri lako limefanya nini? Ndipo twaelewa kwa nini, tangu mwaka 2011, kazi nyingine ilifanyika Tandahimba, ambamo Mbaruku alishiriki pia: wanakijiji, watumishi wa zahanati na wakuu wa wilaya, kila kundi likapewa hesabu zake lizisome na kuamua la kufanya. Sindano ya kuzuia damu baada ya kuzaa ikawa ikitolewa mapema, kwa mama wengi kuliko kwanza. Dakika moja baada ya mtoto kutoka: hapo ndipo vita yote ilipo.

Basi twaomba sharika zifanye jambo moja kabla ya Majilio. Umoja wa wanawake katika kila usharika uwaandike mama wote waliojifungua tangu Pasaka, wa kwetu na wa jirani, Waislamu na Wakatoliki pamoja, maana sisi Walutheri tu wachache huku na damu haina dhehebu. Waendewe nyumbani. Muulizaji awe mwanamke, tena si mke wa mtumishi wa kituo kile. Mume na asalimiwe kwa heshima, kisha aombwe kwenda kuangalia mashua yake. Wala mzee wa kanisa asikae kibarazani akijifanya asoma. Aulizwe alizalia wapi, ni nani aliyeamua, walingoja nini na kwa muda gani, alisemeshwaje, na kama angekwenda tena mahali pale. Asikatizwe. Asihubiriwe. Majibu yaandikwe bila majina, yasomwe mbele ya baraza la wazee kwa sauti, kisha wawili kati yao wayapeleke kwa kamati ya afya ya kijiji na kwa mwuguzi wa zahanati, wakae naye, wamwulize na yeye yaliyo yake.